Mitishamba ya wasiwasi inasoma kwenye kipimo cha mkojo?

SWALI

Shikamoo daktari. Nina miaka 29, naishi kwa dada yangu Chang'ombe, Dodoma. Nilitumia unga kwa muda mrefu, sasa nina mwaka na miezi kadhaa nakunywa methadoni na sijarudi kijiweni. Kinachonitesa ni wasiwasi. Moyo unakwenda mbio bila sababu, mikono inatetemeka, na saa tisa usiku nashtuka, silali tena mpaka kunakucha. Dada alininunulia dawa ya mitishamba iliyosagwa kwa mama mmoja pale Majengo. Nakoroga kijiko kimoja kwenye maji ya moto kabla ya kulala, ni wiki ya tano sasa. Siku ya kwanza tu nililala fofofo. Juzi kliniki wakapima mkojo, upande wa Valium ukasoma. Naapa sijameza kidonge. Muuguzi hakunigombeza, ila aliandika. Mwezi ujao kuna kazi ya stoo kwenye kampuni ya usafirishaji, nao wanapima mkojo kabla ya kusaini mkataba. Je, mitishamba inasoma kwenye kipimo? Na ni ipi ninywe ya wasiwasi isiyoniharibia? Rafiki yangu anasema nitumie matone ya CBD, eti hayaleweshi.

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Mwaka na zaidi bila kurudi kijiweni si jambo dogo, na nakujibu nikijua unachokilinda.

Kwa kifupi: mmea wa kutuliza wasiwasi, ukiwa mmea peke yake, kwa kawaida hausomi kwenye kipimo cha Valium. Dawa iliyosagwa isiyo na jina wala lebo inaweza kusoma, si kwa sababu ya mizizi iliyomo bali kwa sababu ya kilichochanganywa humo. Kwa hiyo sikuoni kama mwongo, na wala siharakishi kusema kipimo kimekosea. Inawezekana kabisa hukumeza kidonge hata kimoja, na bado Valium imo mwilini mwako.

Kabla sijaeleza, kuna jambo la kesho asubuhi. Unapokwenda dirishani kunywa dozi, nenda na hicho kifurushi na uombe kuonana na daktari kabla ya kunywa. Mweleze unatumia nini, kijiko kiasi gani, saa ngapi na tangu lini. Usiongeze kijiko ukisubiri kumwona, na usichanganye na pombe wala kidonge chochote cha usingizi. Usiamue peke yako kuacha ghafla pia. Kama kweli kuna diazepamu humo, yaani dawa yenyewe ya Valium, na umeitumia wiki tano kila usiku, kuikata mara moja kunaweza kukuletea mtetemeko mkali zaidi, kukosa usingizi kabisa, na kwa baadhi ya watu degedege. Daktari anajua namna ya kuishusha taratibu huku akikuangalia. Hilo si la kufanyia majaribio chumbani.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe, maana watu wengi wanakiogopa bila kujua kinavyofanya kazi.

Kile kikombe cha mkojo kina vijiti pembeni, kila kijiti na herufi zake: MOP ni jamii ya mofini na heroini, THC ni bangi, BZO ni jamii ya Valium, AMP ni amfetamini, MTD ni methadoni yenyewe. Kila kijiti kina sehemu mbili za kutokea mstari, C na T. Hapo ndipo familia nyingi zinapopotea, kwa sababu tumezoea kipimo cha haraka cha malaria na kile cha mimba, ambavyo mistari miwili maana yake ni "ipo". Kipimo cha dawa za kulevya ni kinyume. Mistari miwili maana yake haijasoma, hata kama mstari wa T ni hafifu kiasi cha kukaza macho. Mstari mmoja tu kwenye C ndiyo imesoma. Na kama mstari wa C haujatokea kabisa, kipimo hicho hakifai, kinarudiwa. Nakwambia haya kwa sababu vikombe hivi vinaagizwa hata mtandaoni, na dada yako akikupima nyumbani kwa nia njema anaweza kukuhukumu kwa mistari miwili iliyokuwa ikikutetea.

Kijiti hakitambui dawa kwa jina. Kina kingamwili zinazotafuta umbo fulani la kemikali, kama mlinzi wa getini anayeangalia sare bila kuuliza kitambulisho. Aliyevaa sare inayofanana anaweza kuhesabiwa ndivyo sivyo. Tena kina kiwango chake: vingi vya BZO husoma kuanzia nanogramu 300 kwa mililita moja ya mkojo, na vya bangi kuanzia 50. Chini ya hapo kinasema hakuna, hata kama kipo kidogo. Kwa hiyo jibu la kikombe ni la kuchuja tu. Jibu la uhakika linatoka maabara, kwenye mashine inayotenganisha kemikali moja moja na kuitambua kila moja kwa uzito wake. Hapa nchini kazi ya aina hiyo inafanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Unayo haki ya kuuliza kliniki kama sampuli yako inaweza kuthibitishwa. Kuuliza hivyo si kubishana na muuguzi.

Wanaovaa sare ya kufanana mara nyingi si mitishamba, ni dawa za hospitali. Hukuniambia kama unatumia dawa nyingine, kwa hiyo nazitaja ujipime mwenyewe. Efavirenzi, ARV iliyotumika sana kabla dolutegraviri haijachukua nafasi yake, inajulikana kusomesha kijiti cha bangi na kile cha Valium. Setralini, ambayo ni dawa ya sonona na wasiwasi, nayo imewahi kusomesha kijiti cha Valium. Rifampisini ya kifua kikuu na siprofloksasini, ile "sipro" ambayo watu wanaimeza kwa kila maumivu ya mkojo, zinaweza kukichanganya kijiti cha mofini. Sharubati za kikohozi zenye kodeini zinasomesha kijiti hicho hicho, na hapo wala si makosa, kodeini ni ndugu wa mofini. Kama upo kwenye mojawapo ya hizi, iseme kesho. Kama hupo, macho yote yarudi kwenye kifurushi cha Majengo.

Nami kifurushi hicho nakishuku kwa sababu moja uliyoitaja mwenyewe bila kujua uzito wake: "siku ya kwanza tu nililala fofofo." Mitishamba ya usingizi haina haraka namna hiyo. Valeriani, ambayo ndiyo maarufu kuliko yote Ulaya, hupewa wiki mbili hadi nne ndipo mtu aone kama imemsaidia, na hata hapo tafiti zinagongana. Mmea unaomwangusha usiku wa kwanza mtu mzima aliyezoea methadoni, ama ni sumu ama una kidonge ndani. Kusaga vidonge vya bei rahisi na kuvichanganya kwenye dawa ya asili ni mchezo wa zamani, umekamatwa katika nchi nyingi: diazepamu kwenye dawa za usingizi, deksamethasoni kwenye dawa za viungo na pumu, sildenafili kwenye dawa za nguvu za kiume. Mteja anapona haraka, anarudi, anamleta na shemeji.

Simtuhumu yule mama. Huenda ananunua kwa jumla kwa mtu mwingine, anapakia kwenye vimfuko na kuuza kwa imani safi. Wala mimi si katika wale wanaoona kila mganga ni tapeli. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu mwaka 2002, na lipo Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao. Dawa iliyosajiliwa ina jina la mmea, jina la mtengenezaji, namba ya usajili na tarehe. Ya kwako ina nini? Kama ni mfuko mweupe uliofungwa fundo, hakuna mtu duniani, mimi au mtafiti wa chuo kikuu, anayeweza kukuambia itasoma nini kwenye kipimo.

Lakini kipimo ndiyo tatizo dogo hapa. Kubwa ni pumzi.

Methadoni inakaa mwilini muda mrefu. Kwa watu wengi nusu yake inabaki baada ya siku nzima au zaidi, na ndiyo maana dozi moja ya asubuhi inatosha mpaka kesho yake. Maana yake ni kwamba saa nne usiku unapokoroga kijiko chako, methadoni ipo kazini. Nayo, kama dawa zote za jamii ya afyuni, inapunguza ule msukumo wa ubongo unaouambia mwili "vuta pumzi". Ukiongeza diazepamu juu yake, msukumo unapungua zaidi. Ukiongeza na glasi ya mvinyo wetu wa hapa au gongo, zaidi tena. Mtu hafi kwa kishindo, analala tu. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani iliamuru onyo la ngazi ya juu kabisa liandikwe kwenye dawa za pande zote mbili kwa sababu ya mchanganyiko huu. Wiki tano umevuka salama, nami nashukuru, ila kijiko cha mfuko unaofuata hakina ahadi ya kuwa sawa na cha huu. Anayesaga vidonge kwenye kinu hapimi miligramu.

Kwa hiyo mwonyeshe dada yako aya hii. Ukilala na kukoroma kwa sauti nzito ya kugugumia ambayo si kawaida yako, ukiitwa na kutikiswa huamki, midomo na kucha zikibadilika rangi kuwa za kijivu au bluu, pumzi zikiwa chache chini ya kumi kwa dakika, asiseme "mwacheni apumzike". Akulaze ubavu, aangalie kama mdomoni hakuna kitu, apige kelele majirani waje, na upelekwe hospitali iliyo karibu, iwe General au Benjamin Mkapa, mara hiyo hiyo. Afike na mfuko wa dawa mkononi na aseme wazi kwamba unakunywa methadoni. Ipo dawa inayoitwa naloksoni ambayo inaondoa nguvu ya methadoni kwa dakika chache, lakini haiigusi diazepamu, kwa hiyo wahudumu wanahitaji kujua vyote viwili.

Umeniuliza ipi unywe. Nitakwenda mmea kwa mmea, mingine kwa kupita tu.

Mchaichai unywe. Hausomi popote na haugombani na methadoni. Ila nisikudanganye kwamba ni dawa: mwaka 1986 watafiti wa Brazil, ambako nako watu wanaunywa kwa kutuliza akili, waliwapima watu na hawakuona utofauti wowote wa usingizi wala wasiwasi kuliko chai isiyo na kitu. Bado naupendekeza. Kikombe cha moto jioni badala ya chai ya rangi au kahawa ni faida tosha, na kuketi kimya nusu saa na kikombe mkononi ni jambo jema lenyewe. Kamomili, inayouzwa kwenye vipakiti supamaketi, ni hivyo hivyo: salama kwa kikombe au viwili, ina ushahidi kidogo wa kutuliza, haisomi.

Valeriani na pasiflora hazisomi kwenye vijiti vya kawaida, ila zinaleta usingizi, na chochote kinacholeta usingizi kinaongezewa hesabu juu ya methadoni. Usinywe bila daktari kujua. Na kwa taarifa, pasiflora ya dawa ni jamii nyingine ya pasheni, si hii ya juisi. Juisi ya pasheni ni juisi tu, kunywa utakavyo. Balungi ndilo liache kulinywa kwa wingi, kwa sababu juisi yake inazuia vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingi, methadoni ikiwemo.

Sasa Hypericum (St. John's wort), ambayo wauzaji wa mtandaoni wanaiita dawa ya asili ya furaha au ya sonona. Hii sitaki uiguse kabisa. Haitasoma kwenye kipimo chochote, na hapo ndipo inapodanganya. Inalichochea ini livunje methadoni kwa kasi. Ndani ya wiki moja au mbili dozi iliyokuwa ikikutosha inaanza kukatika usiku, arosto, yale mateso ya kukosa dawa, inarudi, unapiga miayo, mafua yanachuruzika, na hujui kwa nini, maana hujabadilisha chochote ila "chai ya asili". Watu wamerudi kwenye unga kwa njia nyepesi kuliko hiyo. Inavuruga pia ARV kadhaa na vidonge vya uzazi wa mpango.

Kungumanga kwenye uji au pilau haina neno. Kuna wanaosaga kungu nzima au mbili na kunywa ili walale. Wanachopata ni mdomo mkavu, moyo mbio, hofu na maluweluwe ya siku nzima, yaani wasiwasi ule ule uliozidishwa. Mnanaha usiukaribie hata kwa mganga unayemwamini. Mbegu zake zinavuruga akili, zinafunga mkojo na zimeua watu. Kava na ashwagandha, ambazo siku hizi zinaletwa kwa oda, zote zimehusishwa na kuumia kwa ini. Methadoni inategemea ini hilo hilo, na kama uliwahi kuchangia sindano huenda una homa ya ini ambayo hujapimwa. Habasoda kama kiungo sawa, kama tiba ya wasiwasi ushahidi wake ni mdogo. Kratomu, majani ya mti wa Asia, ikikufikia kwa jina lolote, jua inakamata sehemu zile zile za ubongo zinazokamatwa na heroini. Kwamba haisomi kwenye vikombe vya kawaida haiifanyi kuwa salama. Ni kurudi nyuma kwa mlango wa uani.

Mirungi sihitaji kuieleza kwa mtu wa kijiweni. Inapeleka moyo mbio na inaweza kusomesha kijiti cha amfetamini.

Kwa rafiki yako wa CBD. Ni kweli CBD, kemikali itokayo kwenye mmea wa bangi, yenyewe hailewishi na kijiti cha bangi hakiitafuti, kinatafuta mabaki ya THC, ile inayolewesha. Shida ni kwamba chupa haina CBD peke yake. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walinunua mtandaoni bidhaa 84 za CBD na kuzipima: 18 zilikuwa na THC ndani, na nyingi hazikuwa na kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Hiyo ni Marekani, ambako kuna maabara kila kona. Matone ya kila siku yenye THC kidogo yanajilimbikiza kwenye mafuta ya mwili, na baada ya wiki kadhaa kijiti kinasoma bangi ambayo hukuivuta. Pili, CBD inapunguza kasi ya ini kuvunja baadhi ya dawa, kwa hiyo inaweza kuipandisha methadoni bila wewe kuongezewa dozi. Tatu, bangi na mazao yake ni marufuku kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Ukikamatwa na kichupa, maelezo ya kwamba ni ya wasiwasi hayatakusaidia kituoni. Rafiki yako anakupenda, sina shaka. Ila yeye hatapimwa mwezi ujao.

Tumebakiwa na wasiwasi wenyewe, na hapa ndipo barua yako ilinikamata zaidi kuliko kwenye kipimo. Saa tisa usiku. Kila siku saa tisa.

Wanaokunywa methadoni asubuhi, kiwango chake mwilini kinakuwa cha chini kabisa katika saa za mwisho kabla ya dozi inayofuata, yaani alfajiri. Mtu anayeshtuka saa tisa au saa kumi kila usiku, moyo mbio, asilale tena, na ambaye akishakunywa dozi anajisikia binadamu ndani ya saa mbili hadi nne, huenda hana ugonjwa wa wasiwasi kabisa. Huenda dozi haimfikishi asubuhi. Jikague ukishtuka leo: unapiga miayo? Machozi au mafua? Vinyweleo vimesimama wakati hakuna baridi? (Kama ni Juni au Julai hapa Dodoma, swali hilo liruke.) Tumbo linakata, miguu haitulii? Ukijibu ndiyo kwa mawili matatu, hiyo ni arosto ndogo, na tiba yake ni kurekebishiwa dozi, si kuongezewa mzizi. Wengi hawaombi kwa sababu wanaona aibu kupandishiwa miligramu, kana kwamba ni kushindwa. Dozi si mashindano. Kuna anayekaa vizuri kwa miligramu 50 na kuna anayehitaji zaidi ya 100.

Kama ulianzishiwa dawa za kifua kikuu hivi karibuni, rifampisini peke yake inaweza kuishusha methadoni yako kwa kiasi kikubwa, na hapo kupandishiwa dozi ni kawaida. Kutokwa jasho usiku nako kusiachwe bila kupima kifua.

Ikionekana ni wasiwasi kweli, unaokuja mchana, kwenye daladala, ukipita karibu na watu wa zamani, ukifikiria kazi mpya, basi una tiba yake. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo naongea kwa kujiamini juu ya dawa kuliko maongezi, lakini ushahidi uko upande wa maongezi: vikao vya ushauri nasaha vinavyokufundisha kuutambua wasiwasi unavyoanza na kuukabili kidogo kidogo. Dodoma mna bahati ambayo mikoa mingi haina. Kliniki ya methadoni ya Itega iko chini ya Hospitali ya Mirembe, wataalamu wa afya ya akili mko nao chini ya hospitali hiyo hiyo. Tangu methadoni ianze kutolewa Muhimbili mwaka 2011, huduma hii haikukusudiwa kuwa dirisha la kikombe tu, ingawa foleni ya asubuhi inaweza kukufanya ufikiri hivyo. Ikibidi dawa, zipo zisizo na uraibu, kama hiyo setralini niliyoitaja, na daktari ataandika kwenye faili ili kijiti kikichanganyikiwa ijulikane kwa nini. Amitriptilini, ambayo kwetu inatolewa haraka kwa sababu ni rahisi kupatikana, inahitaji tahadhari kwako: yenyewe na methadoni zote zinagusa mapigo ya umeme ya moyo. Muulize daktari kama unahitaji kipimo cha ECG kwanza.

Na kabla ya yote hayo, hesabu vinywaji vya kuongeza nguvu unavyokunywa kwa siku. Nimewaona vijana wanaokunywa chupa tatu kazini halafu wanashangaa moyo kwenda mbio saa tisa. Ukishtuka usiku usibaki kitandani ukipigana na dari. Amka, kaa, vuta pumzi kwa kuhesabu mpaka nne na uitoe taratibu kwa kuhesabu mpaka sita, dakika kumi. Kutoa pumzi kirefu kuliko kuvuta kunashusha mapigo ya moyo. Simu iache chumba kingine.

Tumalizie na kazi. Kampuni ikipima, mambo mawili yanaweza kusoma: methadoni na Valium. Methadoni haisomi kwenye kijiti cha heroini, ina kijiti chake, na itasoma tu kama kikombe chao kina MTD. Hilo si la kuficha. Omba kliniki barua inayosema upo kwenye matibabu na dozi yako imetulia, na umkabidhi anayekupima, daktari au mtu wa maabara, si meneja wa stoo. Anayehitaji kujua ni anayesoma kipimo.

Valium ni suala la muda. Diazepamu ikivunjwa inaacha mabaki yanayochelewa kutoka, na kwa aliyetumia wiki nyingi kijiti kinaweza kuendelea kusoma wiki kadhaa, hata sita, baada ya kuacha. Kwa hiyo mwezi ujao uko karibu kuliko unavyodhani, na hii ndiyo sababu nyingine ya kwenda kesho, siyo Jumatatu. Usihangaike na maji lita tano, siki, ndimu wala "chai za kusafisha mkojo". Maabara inapima pia kreatinini, inayoonyesha kama mkojo umezidi maji, na mkojo uliochujuka unaandikwa hivyo hivyo kwamba umechujuka, jambo ambalo mwajiri analisoma vibaya kuliko kijiti kilichosoma na barua ya daktari pembeni yake. Kama daktari atakushusha taratibu kwa diazepamu ya hospitali, nayo iandikwe kwenye barua hiyo, dozi na tarehe ya kumaliza.

Kesho usikipeleke kifurushi kikiwa kimebaki vumbi. Acha angalau vijiko viwili vitatu ndani ya mfuko wake ule ule, usihamishie kwenye kopo la nyumbani, andika tarehe ulizoanza kutumia na mahali ulipokinunua. Majibu ya uthibitisho yakitoka, omba nakala mbili: moja ikae kwenye faili la kliniki, nyingine uibebe siku ya kampuni.